Kidato cha nne si wakati wa kutuma maombi Marekani

Ni kitambo sijaandika lolote hapa. Kazi imekuwa nyingi, na kuna mteja mmoja aliyenikesha wiki mbili nzima kwa sababu ya seva yake. Leo naweka msimbo kando. Nataka kuzungumzia jambo ambalo naulizwa karibu kila Agosti shule zikifungwa: "Wewe ni mtu wa tarakilishi, hebu msaidie huyu kijana aombe vyuo vya Marekani. Yuko kidato cha nne."

Watu hudhani kwamba kwa kuwa maombi hutumwa kwa mtandao, basi hiyo ni kazi ya mtu wa tarakilishi. Kumbe kujaza fomu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Na siku hizi jibu langu huwashangaza wazazi. Nawaambia wasiombe sasa. Mtoto amalize KCSE, apate matokeo yake, ndipo aanze kuomba, hata kama maana yake ni kukaa nyumbani mwaka mzima na zaidi huku wenzake wakiingia chuoni. Nimeshanuniwa kwa jibu hili. Dadangu alikaa siku tatu bila kuchukua simu yangu. Lakini hebu nieleze nilivyofika hapo, kwa maana nilianza nikiamini kinyume kabisa.

Kwanza tazama kalenda. Mwanafunzi wa Chicago au Boston huanza mwaka wake wa mwisho wa shule ya upili Agosti au Septemba na kuumaliza Mei au Juni. Common App, tovuti ambayo vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia kwayo, hufungua fomu za mwaka mpya tarehe 1 Agosti. Makataa ya maombi ya mapema katika vyuo vingi ni tarehe 1 Novemba, na ya maombi ya kawaida ni mwanzoni mwa Januari. Majibu huja kufikia mwisho wa Machi, naye mwombaji hutakiwa kusema ndiyo au la kufikia tarehe 1 Mei. Shughuli yote inaingia sawasawa ndani ya mwaka wake wa shule. Shuleni kuna mshauri ambaye kazi yake ni hiyo, na jioni mtoto anarudi nyumbani kwenye tarakilishi.

Sasa weka kalenda hiyo juu ya yetu. Mtihani wa mwigo hufanywa Juni au Julai. Likizo ya Agosti ni wiki chache tu. Tarehe 1 Novemba mtoto yuko katikati ya KCSE. Halafu matokeo: ya KCSE ya 2023 yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024, na ya 2024 yakatangazwa tarehe 9 Januari 2025. Vyuo vingi huwa vimeshafunga mlango wiki moja kabla. Yaani karatasi moja ambayo mtoto wa Kenya amesoma miaka minne kwa ajili yake inafika wakati haitakiwi tena.

Isitoshe, wengi wa watoto hawa wako shule za bweni, na shule ya bweni haina simu. Akaunti ya Common App ina nywila, ya SAT ina nywila, na kila chuo kinampa mwombaji ukurasa wake wenye nywila nyingine. Tovuti inamtumia barua pepe kumwarifu kwamba karatasi fulani haijafika, wakati yeye yuko darasani akirudia Kemia na hataigusa rununu mpaka likizo. Basi anayeshughulikia ni mjomba. Mjomba ndiye anayejibu, mjomba ndiye anayebahatisha. Hapo hatuwezi kusema mtoto ameomba chuo. Ameombewa.

Mimi ndimi niliyekuwa mjomba huyo mwaka 2023.

Mpwa wangu ni mtoto wa sayansi, mtulivu, wa aina ile ya kufungua redio ya nyanyake ili aone ndani kuna nini. Mamake ana kibanda cha nafaka sokoni Nakuru. Agosti hiyo nilimtengenezea jedwali zuri sana, mistari saba ya vyuo saba, rangi ya kijani kwa kilichokamilika na nyekundu kwa kilichobaki. Nilijiona fundi. Insha ya maneno 650 tuliiandika kwa siku nne mezani kwangu. Akarudi shuleni, nami nikabaki na jedwali.

Kilichoniangusha hakikuwemo kwenye jedwali hata kidogo. Common App haipokei barua ya pendekezo mkononi mwa mwombaji. Unaandika anwani ya mwalimu, tovuti inamtumia kiungo, naye anaifungua, anajaza fomu na kupandisha barua yake. Tuliandika anwani ya shule iliyokuwa kwenye barua rasmi za shule. Nilingoja Septemba yote, na Oktoba yote. Mwishowe niliomba ruhusa kazini, nikapanda matatu, nikaenda. Mwalimu wa Fizikia, mtu muungwana kabisa, alinitazama kwa mshangao. "Barua pepe gani, bwana? Hiyo anwani ilikuwa ya karani aliyestaafu." Hakuna aliyeijua nywila. Tuliketi chini ya mti, nikampa tarakilishi yangu, akaandika barua kwa vidole viwili huku kengele ikilia na wanafunzi wakipita. Ilikuwa barua nzuri. Lakini ilifika baada ya makataa ya mapema, na chuo ambacho kijana alikitaka kuliko vyote kilikuwa cha makataa hayo.

Jambo la pili lilinifundisha zaidi. Kwa kuwa KCSE haikuwepo, tulituma matokeo ya mwigo. Wewe uliyesoma Kenya unajua mwigo ni nini. Walimu huukaza makusudi ili mtoto aogope na kusoma. Kijana alipata B kwenye mwigo. Januari KCSE ilipotoka alikuwa na A-. Nani huko ng'ambo angejua kwamba B ile ilikuwa ya kutishia watoto? Na si gredi tu. Rekodi ya shule ilionyesha asilimia: Fizikia 66, Kemia 63. Katika shule nyingi hapa kwetu hizo ni alama za kujivunia. Marekani, asilimia 60 na kitu ni D. Msomaji wa maombi ana faili nyingi mezani na dakika chache kwa kila moja. Asipopata ukurasa wa kumweleza jinsi shule hiyo inavyotoa gredi, na kwamba asilimia hiyo ndiyo iliyoongoza darasa, atasoma kile anachokiona.

Vyuo sita vilikataa. Kimoja kilimkubali. Tulifurahi jioni moja, mpaka nikafika ukurasa wa pili wa barua. Msaada walioutoa ulikuwa sehemu ndogo ya gharama, na sisi tulibakiwa na zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Kwa mwaka! Dadangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hiyo ni shilingi ngapi?" Nilipomwambia akacheka, akaingia jikoni. Sikukipenda kicheko kile.

Hapa ndipo napotaka kila mzazi anielewe vizuri. Kukubaliwa bila pesa si kukubaliwa. Vyuo vingi vya Marekani, mwombaji kutoka nje akiomba msaada wa karo, jambo hilo huhesabiwa wakati wa kuamua kama achukuliwe au la. Ni vichache ambavyo havitazami mfuko wa mtoto wa kigeni wakati wa kuamua, na vikimchukua vinamlipia lote ambalo familia haiwezi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwavyo, na mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin vilitangaza kujiunga na kundi hilo. Hivyo ndivyo vigumu kupita vyote kuingia, na si busara kuviomba peke yake. Vingine, hasa vyuo vidogo vya shahada ya kwanza, hutazama mfuko lakini humlipia vizuri yule wanayemchukua. Orodha ya vyuo inapaswa kuanzia hapo, kwenye pesa, kisha ndipo uulize kama wana uhandisi na kama kuna baridi. Sisi tulianza na majina tuliyoyasikia kwenye sinema.

Na si elimu mpya. Tom Mboya na wenzake walipopeleka wanafunzi 81 kwa ndege ile ya kwanza Septemba 1959, wengi wao walikuwa tayari wameandikiana na vyuo na kuahidiwa ufadhili wa masomo. Kilichowakwamisha ni nauli. Wangari Maathai alikwenda Kansas mwaka uliofuata kwa mpango huo huo. Waliandika kwa mkono na kungoja majibu ya posta wiki kwa wiki, lakini walijua pesa za karo zinatoka wapi kabla ya kufunga sanduku. Sisi wenye intaneti ya kasi tumelisahau hilo.

Baada ya barua ile nilikaa na kufikiri kama ninavyofikiri programu inapoanguka. Katika kazi yangu, mradi hauchelewi kwa sababu ya kazi ninayoifanya mwenyewe. Unachelewa kwa sababu ya ile ninayongoja mtu mwingine aifanye. Insha niliiweza mimi na kijana. Mwalimu, karani, baraza la mitihani, idara ya pasipoti na benki sikuwaweza. Jedwali langu lilikuwa limepangwa kwa chuo, badala ya kupangwa kwa mtu tunayemngoja. Nikalifuta lote.

Pia nilikuja kugundua kwamba wanaolijua jambo hili vizuri hawaombi mtoto akiwa kidato cha nne. KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, yule mkimbiaji wetu wa medali ya shaba ya mita 800 kule Munich 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, umekuwa ukiwachagua watoto baada ya matokeo ya KCSE, ukiwafundisha, kisha wakaomba mwishoni mwa mwaka huo. Si kwamba wamechelewa. Wamekubali kwamba kalenda hizi mbili hazikutani, wakaacha kuzilazimisha.

Basi tukaamua mpwa wangu aombe tena, safari hii akiwa na A- mkononi. Hapo ndipo kununa kulipoanza. KUCCPS ilikuwa imempa nafasi ya uhandisi katika chuo kikuu cha hapa nyumbani, kozi aliyoitaka. Dadangu alisema maneno ambayo hata leo siwezi kuyapinga kikamilifu: "Mtoto ana ndege mkononi, wewe unamwambia amwachilie akatafute aliye mtini?" Nilimwambia wakati huo jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto akiingia chuo hapa na kuanza masomo ya shahada, vyuo vingi vya Marekani havimhesabu tena kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Anakuwa mtu anayehama chuo, na kwa mwombaji wa kigeni anayehama pesa za ufadhili ni haba mno. Hatimaye kijana aliomba kuahirisha mwaka mmoja na chuo kikamkubalia. Lakini ule mwaka ulikuwa mzito kwa mama yake. Aliwaona wenzake wakipita sokoni na mabegi ya chuo huku wake akipima maharagwe. Anayesema mwaka wa kungoja ni bure hajaukaa.

Kazi ilikwenda tofauti kabisa. Tulianza na pasipoti, wala si insha. Sababu ni majina. Sisi tuna majina matatu, na fomu za Wamarekani zina visanduku viwili vikubwa na kimoja kidogo. Mwaka wa kwanza kijana alijisajili SAT kwa majina mawili kama anavyoitwa shuleni, na cheti cha kuzaliwa kina matatu. Siku ya mtihani hulinganisha jina la usajili na kitambulisho. Tulisumbuana kwa barua pepe wiki nzima kulirekebisha. (Wenzangu mnaounda fomu, acheni kudhani kila binadamu ana jina la kwanza na la mwisho. Nimeomba hili miaka kumi.) Mwaka wa pili alinakili majina kutoka kwenye pasipoti herufi kwa herufi katika kila ukurasa, hata pale ilipoonekana ajabu.

SAT aliifanya Juni badala ya kuibana kati ya mwigo na KCSE. Tangu Machi 2023 mtihani huo nje ya Marekani hufanywa kwa tarakilishi, na kijana wa bweni ambaye hajazoea kusoma swali refu kwenye kioo anahitaji wiki kadhaa za mazoezi. Gharama yake kwetu ni zaidi ya dola 100, kwa hivyo si mtihani wa kurudia rudia. Wakati wa janga la korona vyuo vingi viliacha kuudai, lakini MIT waliurudisha 2022 na Harvard 2024, kwa hivyo usimsikilize anayekwambia SAT imekufa.

Septemba ilikwenda kwa fomu ya pesa, CSS Profile. Nasema ukweli, niliiona ngumu kuliko mitihani yote. Inauliza mapato ya wazazi, thamani ya nyumba, akiba, madeni. Dadangu hana karatasi ya mshahara. Ana daftari. Mavuno yakiwa mazuri anauza, yakiwa mabaya anakopa. Na hakupenda wageni wajue ana nini na hana nini. Kwetu mambo hayo husemwa chumbani. Tulikaa jioni nyingi na daftari lile, mwezi kwa mwezi, tukaandika barua fupi ya kueleza jinsi biashara inavyokwenda. Jambo hili lingewezekanaje Novemba, mtoto akiwa kwenye chumba cha mtihani na mjomba akibahatisha?

Aliomba vyuo tisa. Machi 2025 viwili vilimkubali, na kimoja, chuo kidogo sana ambacho hakuna jirani aliyewahi kukisikia, kilimlipia karibu kila kitu. Alilipa dola 350 za SEVIS na 185 za viza. Halafu mwishoni mwa Mei balozi za Marekani zikasimamishwa kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi, mpaka katikati ya Juni, na ziliporejea waombaji wakatakiwa kuacha kurasa zao za mitandao ya kijamii wazi. Wiki zile tatu hatukulala vizuri. Kilichotuokoa ni kwamba karatasi nyingine zote zilikuwa tayari. Hatukuwa tunamngoja mtu mwingine yeyote. Aliondoka Agosti.

Najua si kila mtoto yuko hivi. Anayesoma shule ya mtaala wa kigeni yenye mshauri, au wa shule ya kutwa mwenye mzazi anayeijua kazi hii, aombe mwaka wake wa mwisho bila wasiwasi. Na KCSE yenyewe itafanywa mara ya mwisho 2027. Wale walioingia gredi ya kumi Januari 2026 watamaliza gredi ya kumi na mbili 2028, na hatujaona bado vyuo vya nje vitazisomaje karatasi zao. Lakini kwa mtoto wa bweni wa leo, msimamo wangu ni huo.

Hii haina maana akae bure kidato cha nne. Kuna mambo ambayo akitoka lango la shule bila kuyafanya, yatamgharimu nauli na aibu mwaka mzima. Azungumze na walimu wawili wanaomfahamu, uso kwa uso, achukue anwani ya barua pepe wanayoifungua wenyewe kwenye rununu zao, siyo ya shule. Amwombe mwalimu mkuu nakala ya alama zake tangu kidato cha kwanza, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza gredi za shule hiyo na nafasi yake darasani. Salio la karo, kama lipo, lipangwe mapema. Sheria hairuhusu cheti kuzuiliwa, lakini sote tunajua vyeti vingapi vimelala kwenye kabati za shule. Na likizo ya Desemba wazazi waende naye kuomba pasipoti, kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 hawezi kwenda peke yake.

Insha ingoje. Jedwali jipya, lile lililopangwa kwa watu badala ya vyuo, nitamtumia yeyote atakayeniandikia. Safu ya kwanza ina kichwa kimoja tu: tunamngoja nani.